Gari Lililoegeshwa Nje: Kisa cha Mbabe wa Skidmore

Skidmore ni mji mdogo wa wakulima kaskazini-magharibi mwa jimbo la Missouri, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa na wakazi wapatao 440. Mahindi, soya, nguruwe, duka la vyakula, baa, na mtu mmoja ambaye kila mkazi alilijua gari lake: Ken Rex McElroy.

Kisa hiki kinajulikana kwa sababu ya siku moja. Tarehe 10 Julai 1981 McElroy aliuawa kwa risasi mchana kweupe, katikati ya mji, mbele ya watu zaidi ya 40, na mpaka leo hakuna aliyeshitakiwa. Masimulizi mengi hukimbilia hapo. Mimi nataka tukae kwenye miaka iliyotangulia, kwa kuwa ndiyo inayomhusu yeyote anayeishi jirani na mhalifu anayejulikana na kila mtu lakini haguswi na mtu. Walio mbali na maisha hayo huwa na swali moja: mbona hamkuripoti? Skidmore waliripoti. Waliandikisha maelezo, wakaenda mahakamani, wakasimama kutoa ushahidi huku yeye akiwatazama. Ukitaka kujua walikwama wapi, fuata kesi zake moja moja.

McElroy alizaliwa mwaka 1934, mtoto wa 15 kati ya 16 wa familia iliyolima mashamba ya watu wengine. Aliacha shule akiwa na miaka 15, kusoma na kuandika kukimpiga chenga. Alikuwa na umbo kubwa, alipenda kuwinda rakuni, mnyama mdogo wa porini wa Marekani, na kufuga mbwa wa kuwindia. Wizi aliotuhumiwa nao ulikuwa wa vile vitu ambavyo mkulima hana namna ya kuvifungia ndani usiku: nguruwe, ng'ombe, nafaka, petroli. Hesabu inayotajwa na wengi ni kwamba alishitakiwa mara 21. Alitiwa hatiani mara moja tu, na hiyo ilikuwa wiki chache kabla ya kufa.

Kesi ninayoiona kuwa ufunguo wa zote ni ile ya mwaka 1973, na aliyeumizwa ni mtoto. McElroy, mtu mzima mwenye mke, alimwandama msichana wa miaka 12. Akiwa na miaka 14 binti huyo alikuwa mjamzito, akaacha shule na kuishi nyumbani kwa McElroy pamoja na yule mke. Siku chache baada ya kujifungua, wanawake hao wawili walitoroka pamoja wakakimbilia kwa wazazi wa msichana. McElroy aliwafuata akawarudisha. Kisha, wazazi wakiwa hawapo, nyumba yao ilichomwa moto na mbwa wao akapigwa risasi.

Safari hii mashitaka yalifunguliwa: kuchoma nyumba, kushambulia, kumwingilia mtoto. McElroy alikamatwa, akasomewa mashitaka, akatoka kwa dhamana ya dola 2,500. Msichana na kichanga chake walipelekwa kuishi na familia ya walezi huko Maryville, makao makuu ya kaunti ya Nodaway. Yaani mfumo ulifanya ulichopaswa kufanya: ulimtoa mtoto mikononi mwa mtesaji na kumpeleka mahali salama. Mahali hapo palikuwa salama mpaka McElroy alipojua ni wapi. Alikuja na gari, akaegesha nje ya nyumba ya walezi, akakaa humo saa nzima nzima akiitazama. Aliwaambia walezi wale kwamba watabadilishana, msichana kwa msichana, maana anajua binti yao anasoma shule gani na anapanda basi la njia ipi.

Hakimu hakuwa na la kumsaidia mlezi anayesikia maneno hayo saa ya kumtuma mwanawe shule. Mashitaka mengine yaliongezwa juu ya yale ya kwanza, lakini yote yalimtegemea shahidi mmoja, msichana mwenyewe. McElroy akampa talaka mkewe, akamwoa msichana. Mke hakuweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kesi ikafa.

Huo ndio utaratibu wake wote, na hakuubadilisha tena. Humtafuta yule mtu mmoja ambaye kesi haiwezi kusimama bila yeye, humtenga na wenzake, halafu humpa muda wa kufikiri.

Mwaka 1976 zamu ilikuwa ya mkulima aliyesema McElroy alimpiga risasi mbili za bunduki ya marisasi, baada ya kumuuliza kwa nini anafyatua bunduki shambani kwake. Mkulima alipona, akataja jina, akafungua kesi ya kukusudia kuua. Kesi ikavutwa. Katika kipindi hicho cha kuvutwavutwa, mkulima alisema gari la McElroy liliegeshwa nje ya nyumba yake si chini ya mara 100.

Mtu akisoma haraka huipita hiyo mara 100 kana kwamba ni chumvi ya hadithi. Kuegesha gari kando ya barabara ya umma si kosa. Ukimpigia sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, utasema nini? Kuna mtu amekaa ndani ya gari. Amefanya nini? Amekaa. Ana silaha? Huenda anayo, na katika mashamba ya Missouri bunduki ndani ya gari si ajabu. Sherifu yuko Maryville, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Mpaka afike, gari limekwenda zake, na atakachokuta ni mwenye nyumba anayeonekana ana woga. Ukipiga simu mara ya tano, wewe ndiye unayeanza kuonekana msumbufu.

Ndani ya nyumba, maisha yanageuka taratibu. Mapazia hayafunguliwi. Watoto wanakatazwa kucheza upande wa mbele bila kuelezwa sababu, na wanaijua. Mume na mke wanaanza kuvutana usiku, mmoja akisema tuifute hii kesi, mwingine akisema tukiifuta tumekwisha. Jirani aliyezoea kupita kusalimia anapunguza kuja, si kwa chuki, ila naye ana watoto. Haya ndiyo maisha ya shahidi katika miezi kati ya kuandikisha maelezo na kuitwa mahakamani, na hakuna hati ya mashitaka inayoyataja. Kwa maoni yangu hapo ndipo mbabe anaposhinda kesi. Mahakamani huenda kuchukua tu alichokwisha kukipata nje.

Sheria ya wakati huo haikuwa na jina la jambo hilo. Sheria ya kwanza katika Marekani iliyofanya kumwandama na kumvizia mtu kuwa kosa la jinai lenyewe ilitungwa California mwaka 1990, na majimbo mengine yakafuata. Mpango wa serikali kuu wa kuwahamisha mashahidi na kuwapa majina mapya ulikuwepo tangu mwaka 1970, lakini ulitungwa kwa ajili ya kesi za magenge makubwa ya kupangwa. Na hata angepewa, mkulima angehamia wapi? Riziki yake ni ardhi, na ardhi haibebeki. Wanaosema watu wa namna hii wangehama tu huwa hawajawahi kuwa na mali isiyoweza kuuzwa kwa haraka. Nani angenunua shamba lenye gari la McElroy barabarani?

Siku ya kesi ilipofika, mashahidi wawili, wawindaji wenzake wa rakuni, walisema alikuwa nao mahali pengine saa ya tukio. Wakili wake, Richard McFadin, alikuwa hodari na aliijua kazi yake. Katika kumhoji mkulima alimfanya akiri kwamba alificha hatia ndogo aliyowahi kutiwa zaidi ya miaka 30 nyuma. Mlalamikaji akawa ndiye anayejitetea. McElroy akaachiwa huru.

Uamuzi ule haukumgusa mkulima peke yake. Kila aliyekuwa na malalamiko yake moyoni alipata jibu bila kufika mahakamani: mtu amepigwa risasi mbili, amepona, ametaja jina, amevumilia, na ameshindwa. Kuanzia hapo jina la McElroy lilifanya kazi lenyewe. Mbabe akishafika kiwango hicho hahitaji kupiga kila mtu. Inatosha mmoja apigwe, ashitaki, ashindwe, na wengine waone. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na Skidmore walimpisha kwa miaka. Askari wa mji naye alitishiwa, akaacha kazi. Siwalaumu. Kumpisha mtu ni busara endapo anapita. Tatizo la McElroy ni kwamba hakuwa mpita njia.

Mwaka 1980 yalianza mambo kwa peremende. Mtoto mmoja wa McElroy alidaiwa kutaka kuchukua peremende bila kulipa katika duka la vyakula la mjini, mzozo ukazuka na muuzaji, familia ya McElroy ikachukulia kuwa imeitwa ya wezi. Wenye duka walikuwa mzee wa miaka 70 na mkewe. Gari likaanza kuonekana nje ya nyumba yao. Jioni moja ya Julai, mzee akiwa nyuma ya duka lake, McElroy alimkuta hapo akiwa na bunduki ya marisasi na kumpiga shingoni.

Mzee hakufa, na hakurudi nyuma. Kesi ilihamishiwa kaunti nyingine, mwendesha mashtaka alikuwa David Baird, kijana aliyekuwa mgeni katika kazi hiyo, na mwezi Juni 1981 jopo la mahakama likamtia McElroy hatiani kwa shambulio la daraja la pili. Adhabu ilikuwa miaka 2. Kwa risasi ya shingo ya mzee wa miaka 70, miaka 2. Na hata hiyo hakwenda kuitumikia, kwa sababu alikata rufaa na sheria iliruhusu dhamana wakati rufaa inasubiriwa. Akarudi Skidmore.

Haikupita muda akaingia baa ya mjini akiwa na bunduki ya kijeshi aina ya M1 Garand, singe ikiwa imefungwa mbele, akaeleza mbele ya wateja namna atakavyommaliza yule mzee. Kubeba silaha kulivunja masharti ya dhamana yake, na walioshuhudia hawakuwa mmoja.

Hapa kisa kinapinda, na watu wengi hawapaoni. Kwa miaka yote hiyo mahakama ilikuwa ikiletewa shahidi mmoja kwa wakati: msichana, mkulima, mzee wa duka. Sasa, kwa mara ya kwanza, wateja kadhaa wa baa ile walikubali kwa pamoja kusema waliyoyaona. Bila ya kufundishwa na mtu, walikuwa wamelipata jambo pekee lililowahi kukosekana. McElroy asingeweza kuegesha gari nje ya nyumba zote kwa usiku mmoja. Walikuwa wameamua kupitia njia ya sheria, wamejitokeza kwa majina yao, katika mji ambao wote waliokwisha kufanya hivyo waliadhibiwa.

Shauri la kumfutia dhamana likaahirishwa.

Kuahirisha shauri ni jambo la kawaida mahakamani. Wakili ana udhuru, tarehe inasogezwa, karani anaandika. Kwa karani ni mstari mmoja kitabuni. Kwa mtu aliyekwisha kutaja jina lake ni siku nyingine kadhaa za kuishi na McElroy aliye huru, anayejua nani wamemsema. Nimeyasoma masimulizi mengi ya kisa hiki yakijadili ujasiri na woga wa wana Skidmore, na naona yanawaonea. Woga wao ulikwisha siku walipokubali kutoa ushahidi. Kilichofuata hakikutokana na woga.

Asubuhi ya tarehe 10 Julai wanaume wa mji na wakulima wa jirani walikutana katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu kuzungumza na sherifu wa kaunti, Dan Estes. Walitaka kujua watajilinda vipi. Wakiwa humo, habari ikaja kwamba McElroy ameingia mjini na mkewe, yuko baa. Sherifu aliwaambia wasipambane naye ana kwa ana, akawashauri waunde kikundi cha ulinzi wa ujirani. Kisha akapanda gari lake akaondoka mjini.

Walitoka ukumbini wakaenda baa kwa pamoja. Baa ikajaa. McElroy akamaliza kinywaji chake, akanunua bia za kuondoka nazo, akatoka, akapanda pikapu yake na mkewe akakaa pembeni yake. Risasi zikapigwa. Zilizompata zilikuwa mbili, kutoka bunduki mbili tofauti, moja kubwa na nyingine ndogo ya .22. Hakuna aliyeita gari la wagonjwa.

Watu waliokuwapo walihesabiwa kuwa 46, mkewe akiwemo. Wachunguzi waliwahoji. Wapo waliosema waliinama waliposikia mlio, wengine kwamba walikuwa wakitazama upande mwingine. Hakuna aliyeona. FBI, wapelelezi wa serikali kuu, nao waliingia, lakini uchunguzi wao haukuzaa mashitaka yoyote. Baird, yule yule aliyefanikiwa kumtia McElroy hatiani wiki chache kabla, alikataa kufungua kesi kwa ushahidi uliokuwepo. Missouri haina ukomo wa muda kwa kosa la mauaji. Shauri linaweza kufunguliwa hata kesho.

Wanaoshangilia mauaji haya kama ushindi wa wanyonge siko nao. Mtu aliuawa akiwa amekaa garini, risasi zikipigwa barabarani pembeni ya mwanamke ambaye hakuwa na kosa lolote, na mji mzima ukabaki na siri ya kubeba maisha yote. Wanaowahukumu wana Skidmore kama genge la wauaji nao siko nao, kwa sababu wanaanza kuhesabu tarehe 10 Julai asubuhi, wakati hesabu hii ilianza miaka minane kabla. Wale 45 walitumia kitu kile kile walichofundishwa na McElroy. Yeye ndiye aliyewaonyesha, kesi baada ya kesi, kwamba shauri lisilo na shahidi hufa lenyewe. Tofauti ni kwamba yeye aliwanyamazisha mmoja mmoja, na wao walinyamaza kwa pamoja.

Nyamazo la namna hiyo halina mpaka. Linamlinda aliyefyatua risasi kwa kuwa alichoka kutishwa, na lingemlinda vilevile aliyekuwa na kisa chake kingine kabisa na marehemu. Hakuna anayeweza kutenganisha, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa akajibu. Katika mji wa watu 440, hiyo ina maana ya kuendelea kununua mkate, kusali na kuzika pamoja na watu wawili waliofanya kazi ile, ukiwajua. Mhalifu mmoja aliondoka, na majirani wakabaki na wengine wapya, wasiotisha mtu, ila wasiotajwa pia.

Aliyezungumza alikuwa mmoja tu: mjane. Alikuwa ndani ya pikapu, alisema alimwona mpigaji, akataja jina. Halikusikilizwa. Ushahidi wake peke yake, dhidi ya watu 45 waliosema hawakuona, haukutosha kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka 1984 alifungua madai ya dola milioni 5 dhidi ya mji, kaunti, sherifu na wengine. Yalimalizwa nje ya mahakama kwa dola 17,600, bila yeyote kukiri kosa, sababu iliyotolewa ikiwa ni kuepuka gharama za mawakili.

Mjane huyo ndiye yule msichana wa miaka 12. Masimulizi mengi humtaja kama mke wa mbabe, mtu wa upande wa pili, na mji ulimwona hivyo pia. Nadhani hapo ndipo Skidmore, sheria, na sisi tunaokisoma kisa hiki tunapaswa kutazama kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1973 kesi ilikufa kwa kuwa alikuwa shahidi pekee na akanyamazishwa. Mwaka 1981 alikuwa tena shahidi pekee, akasema, na haikusaidia kitu. Miaka minane kati ya hizo mbili aliishi ndani ya ile nyumba ambayo mji mzima uliiogopa kutoka nje. Kama kuna mtu aliyeishi na mhalifu sugu katika kisa hiki, ni yeye, na katika miaka yote hiyo hakuna mkutano ulioitwa ukumbini kwa ajili yake.